Modi za Minecraft: Mchezo Mmoja, Mafundi Wengi

Utangulizi

Jarida letu limezoea kukuletea makala za sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Katika toleo hili tumeona ni vyema tutoke kidogo nje ya darasa, tuzungumzie jambo ambalo wanafunzi wetu wengi wanalifahamu kuliko walimu wao. Jambo lenyewe ni michezo ya kompyuta, na hasa mchezo uitwao Minecraft unapochezwa ukiwa umeongezewa modi. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wapo wazazi na walimu wanaouliza vijana wanafanya nini usiku kucha mbele ya skrini, nao wanastahili kupata maelezo badala ya lawama tupu. Pili, ndani ya mchezo huo kuna kazi ya lugha inayowasubiri watu wa Kiswahili, nayo si kazi ndogo.

Mchezo wenyewe

Minecraft ilianzia nchini Uswidi. Markus Persson alitoa toleo la kwanza kwa umma mwezi Mei 2009, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Kampuni yake, Mojang ya mjini Stockholm, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5 za Kimarekani. Kufikia mwaka 2023, nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Dunia ya mchezo huu imejengwa kwa michemraba. Udongo ni mchemraba, jiwe ni mchemraba, gogo la mti ni mchemraba. Mchezaji huingia mikono mitupu, akakata mti, akapasua mbao, akatengeneza sururu, akachimba mawe, akajenga tanuri la kuyeyushia chuma. Usiku mazimwi hutoka, kwa hiyo inambidi awe na nyumba na mwenge. Baada ya hapo hakuna anayemwamuru. Anaweza kujenga kijiji, kulima ngano, kuchimba almasi au kwenda kupigana na joka. Ndiyo maana michezo ya aina hii hulinganishwa na mchezo wa watoto mchangani: mchanga umetolewa, lakini hakuna aliyesema kama ni lazima ujenge nyumba, handaki au mlima.

Modi ni nini?

Neno modi tumelitohoa kutoka Kiingereza, ambako ni ufupisho wa neno lenye maana ya kurekebisha. Kwa ufupi, modi ni programu ndogo iliyoandikwa na mtu mwingine, asiye mwenye mchezo, ili kuongeza au kubadili kitu ndani ya mchezo huo. Mchezaji huipakua, huiweka mahali pake, na dunia yake hubadilika.

Mifano itatusaidia. Modi ya BuildCraft ilileta mabomba ya kusafirishia vitu na mashine za kuchimba zenyewe. IndustrialCraft ilileta umeme: mitambo ya kuuzalisha, nyaya za kuusambaza na betri za kuuhifadhi. Thaumcraft ilileta uganga na utafiti wa nguvu zisizoonekana. Twilight Forest ilileta msitu mzima wa giza wenye majumba na majitu yake. Create, iliyotoka mwaka 2019, hutumia magurudumu yenye meno, mikanda na nguvu ya maji au upepo, hata mchezaji akajikuta anajifunza kwamba gurudumu kubwa likizungusha dogo, dogo huenda mbio zaidi. Nyingine kama OptiFine haziongezi mnyama wala mashine. Kazi yake kubwa ni kuufanya mchezo uende vizuri zaidi kwenye kompyuta zisizo na nguvu nyingi.

Wachezaji wengi hawachukui modi moja moja. Huchukua furushi la modi, yaani mkusanyo wa makumi au mamia ya modi ambazo mtu mmoja amezichagua, akazipatanisha na kuzipa mfululizo wa malengo. Tekkit na Feed The Beast ni mafurushi yaliyovuma sana mwanzoni mwa muongo wa 2010.

Aidha, si kweli kwamba modi huishia pembeni. Mara kadhaa mchezo wenyewe umechukua kutoka kwa mafundi hawa. Pistoni, kifaa cha kusukuma michemraba, ilianza kama modi kabla ya kuingizwa rasmi katikati ya mwaka 2011. Farasi waliingia katika toleo la 1.6 la mwaka 2013 kwa msaada wa mtunzi wa modi ya wanyama iitwayo Mo' Creatures. Basi anayecheza mchezo huu leo bila modi hata moja bado anatumia kazi ya watu wa modi.

Kusoma kitabu kilichofutwa majina

Swali linalofuata ni hili: mtu wa nje anawezaje kubadili programu asiyoiandika yeye? Toleo la kompyuta la Minecraft limeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java, na programu za Java zinaweza kurudishwa nyuma kutoka hali ya kutekelezwa hadi maandishi yanayosomeka. Hata hivyo, Mojang ilikuwa imeyavuruga majina. Kile ambacho mwandishi alikiita kwa jina lenye maana, kwenye nakala iliyouzwa kiligeuka kuwa herufi moja au mbili tu. Fikiria riwaya ambamo kila jina la mtu, mahali na kitu limefutwa na kuandikwa a, b, ab, ac. Sentensi zipo, vitenzi vipo, lakini hujui nani kamwoa nani.

Mwaka 2010 kundi la watu wa kujitolea lilianza mradi wa MCP, wakafanya kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa isimu angeitambua: kupata maana kutokana na muktadha. Waliangalia kila herufi inatumika wapi na inafanya nini, wakaipa jina. Kila toleo jipya la mchezo lilipotoka, majina yalichanganywa upya, nao wakaanza tena. Mojang yenyewe ilianza kutoa orodha ya majina ya asili mwaka 2019, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itaacha kabisa kuyavuruga. Kwa takriban miaka tisa, basi, uhai wa modi ulitegemea subira ya watu wasiolipwa.

Fahali wawili katika zizi moja

Kusoma msimbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuishi pamoja. Modi za mwanzo zilibadili faili za mchezo moja kwa moja, na ikiwa modi mbili ziligusa faili moja, ya pili iliifuta ya kwanza. Tena kila aina ya mchemraba ilitambuliwa kwa namba. Fundi wa modi ya umeme akichagua namba 150, na fundi wa modi ya uganga naye akaichagua 150, mchezo uligoma kufunguka. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.

Ufumbuzi ulikuja kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni programu mwenyeji. Mwaka 2011 mafundi kadhaa waliungana kuunda Forge, programu inayokaa kati ya mchezo na modi. Modi haigusi mchezo wenyewe. Humwomba mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayempangia kila mgeni mahali pa kukaa. Baadaye walitokea wenyeji wengine, kama Fabric mwaka 2018 na NeoForge, iliyojitenga na Forge mwaka 2023. Modi iliyoandikwa kwa ajili ya mwenyeji mmoja kwa kawaida haifanyi kazi kwa mwingine.

Hatua ya pili ni majina badala ya namba. Kuanzia toleo la 1.7 la mwaka 2013, kila kitu kilipewa jina lenye sehemu mbili: jina la modi, kisha jina la kitu. Ni kama tunavyosema Juma wa Hassan na Juma wa Athumani. Majina yanafanana lakini watu hawachanganywi.

Hatua ya tatu inatugusa sisi zaidi. Kabla ya mwaka 2021 mchezo wenyewe haukuwa na shaba, hivyo modi nyingi zilileta shaba yake. Mchezaji alijikuta na shaba za namna tatu au nne kwenye kasha moja, na mashine ya modi hii ilikataa shaba ya modi ile. Wenye Forge wakaunda orodha ya pamoja ambayo tafsiri ya jina lake ni Kamusi ya Madini. Kila modi iliandikisha humo kwamba hii yangu nayo ni shaba, na tangu hapo mashine ilikubali shaba yoyote. Kwa lugha ya darasani, tatizo lilikuwa visawe na dawa ilikuwa kamusi. Mafundi waliokuwa hawajuani, wengine wa nchi mbalimbali, walilazimika kukubaliana maana ya neno kabla mashine zao hazijaelewana.

Jinsi ya kucheza bila kuharibu

Kwa anayetaka kujaribu, tunashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, ujue una Minecraft ipi. Ile ya simu ni tofauti na ile ya Java ya kompyuta. Modi tulizozitaja hapa ni za Java na hazifanyi kazi kwenye simu, ambako kuna nyongeza za aina nyingine.

Pili, chagua toleo kwanza, modi baadaye. Modi ya toleo la 1.12.2 haitafanya kazi kwenye toleo la 1.20. Ndiyo maana wapo wachezaji waliobaki kwenye matoleo ya zamani kwa hiari yao, hasa 1.7.10 la mwaka 2014 na 1.12.2 la mwaka 2017, kwa kuwa modi wanazozipenda hazikuvuka. Hali kadhalika Java yenyewe ina matoleo: 1.12.2 huhitaji Java 8, ilhali toleo la 1.20.5 la mwaka 2024 huhitaji Java 21.

Tatu, sakinisha programu mwenyeji mmoja, kisha weka modi kwenye folda yake. Ongeza chache chache na ufungue mchezo kila mara. Ukiweka 40 kwa mpigo na mchezo ukagoma, hutajua ni ipi iliyoleta matata. Mchezo ukigoma huandika ripoti, na ripoti hiyo aghalabu hutaja jina la modi yenye kosa. Isome kabla ya kuomba msaada.

Nne, tunza nakala ya dunia yako kabla ya kuongeza au kuondoa modi. Ukiondoa modi, vitu vyake vyote hutoweka duniani. Nyumba uliyoijenga kwa matofali ya modi hiyo itabaki matundu.

Tano, angalia kumbukumbu ya kompyuta. Mchezo wa kawaida hutosheka na gigabaiti mbili hivi. Furushi kubwa huweza kutaka sita au nane. Kompyuta nyingi za wanafunzi hazina nafasi hiyo, na hakuna modi itakayoiumba.

Hadhari

Hapa kuna jambo ambalo tungependa lieleweke vizuri, kwa sababu vijana wetu hulichanganya. Katika maongezi ya mitaani, modi mara nyingi humaanisha programu ya simu iliyovunjwa kufuli, ili itumike bila kulipiwa. Hiyo si modi tunayoizungumzia. Masharti ya Mojang yanamruhusu mtu kutunga modi yake na kuigawa bure. Hayamruhusu kugawa mchezo wenyewe uliovunjwa, wala kuiuza modi. Tofauti ni kama ile ya mtu anayeandika mwongozo wa tamthilia na mtu anayetoa fotokopi ya tamthilia nzima na kuiuza langoni.

Tofauti hiyo si ya kisheria tu. Modi ni programu kamili, na ikiingia kwenye kompyuta inaweza kufanya karibu kila kitu anachoweza kufanya mwenye kompyuta. Mwezi Juni 2023 wahalifu waliziingilia akaunti za baadhi ya watunzi kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit, wakapandikiza kirusi kilichopewa jina la fractureiser. Kilikuwa kikiiba nywila, kubadili anwani za pochi za sarafu za kidijitali, na kujinakili ndani ya modi nyingine zilizomo kwenye kompyuta. Hizo ni tovuti zinazoheshimika, na kirusi kiligunduliwa kwa sababu mafundi wengi walikuwa macho. Anayepakua kutoka tovuti isiyo na mwenyewe hana mlinzi wa namna hiyo. Tena mwanafunzi anayeitumia kompyuta hiyo hiyo kuhifadhi tasnifu yake na kutuma fedha anahatarisha zaidi ya mchezo.

Lugha nayo ni modi

Tumefika pale tulipokusudia. Maneno yote yanayoonekana mchezoni hayakuandikwa ndani ya msimbo. Yamewekwa pembeni, katika faili ya lugha. Kila mstari una sehemu mbili, ufunguo usiobadilika na maneno atakayoyaona mchezaji. Mtu anaweza kuunda folda yenye mpangilio unaotakiwa, akaandika humo lugha mpya, na mchezo ukaiorodhesha pamoja na nyingine. Hahitaji kujua Java, ila anahitaji kuijua lugha barabara.

Na si kazi ya kubadili neno kwa neno. Chukua rangi. Kwa Kiingereza neno la wekundu halibadiliki, liwe mbele ya sufu, kitanda au mshumaa. Sisi tunasema sufu nyekundu, kitanda chekundu, mshumaa mwekundu. Pale ambapo kila kitu kina ufunguo wake, hakuna shida, tutaandika upatanisho ulio sahihi. Lakini baadhi ya modi huunda majina kwa kiolezo chenye pengo, ambamo kompyuta hutia jina la kitu chochote kando ya rangi. Kompyuta haijui ngeli. Hata tukisema “ya rangi nyekundu” hatujaponea, maana kitanda hudai “cha” na mshumaa hudai “wa”. Njia salama ni kuiacha rangi isimame peke yake: Kitanda, rangi nyekundu, Mshumaa, rangi nyekundu.

Kuna mahali Kiswahili kinapata nafuu. Violezo vya madini vinakubali bila taabu: unga wa chuma, bamba la chuma, waya wa chuma, kisha unga wa shaba, bamba la shaba, waya wa shaba. Kiunganishi hufuata neno la kwanza, ambalo limo ndani ya kiolezo, na pengo hubaki kwa madini tu. Vilevile taarifa za vifo. Kifaransa hulazimika kujua kama aliyeanguka ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunaandika “ameanguka kutoka juu” na tumemaliza.

Halafu kuna msamiati. Mchezo huu umejaa vifaa vya ufundi na vita vya zamani: sururu, sepetu, tanuri, fuawe, kasha, mwenge, upinde, ngao, deraya. Wanafunzi wetu hukutana na deraya na ngao katika tenzi, wakazikariri kwa ajili ya mtihani. Fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, wengi hawajawahi kuitamka. Mchezoni fuawe hutumika kila siku kurekebishia panga. Neno linalotumika kila siku halihitaji kukaririwa. Na hapa Uganda mwanafunzi atagundua kwamba baadhi ya maneno hayo si mageni hata kidogo, kwani anayesema ettaffaali na essanduuko kwa Kiganda amekwisha kufika karibu na tofali na sanduku.

Kazi ya namna hii si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, baada ya kwanza kukaa na kukubaliana istilahi. Kwa asiye na uwezo wa kununua Minecraft, ipo Luanti, iliyoanzishwa mwaka 2010 nchini Ufini kwa jina la Minetest na kubadilishwa jina mwaka 2024. Ni programu huria, haitaki kompyuta yenye nguvu nyingi, michezo yake hujengwa kwa modi, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, tunasema modi si uharibifu wa mchezo wala si upotezaji wa muda kwa kila anayezigusa. Ni kazi ya watu wengi waliojifunza kusoma maandishi ya mwingine, kuyaongezea na kukubaliana majina ili kazi zao zikae pamoja. Muda unaweza kupotea, na mwanafunzi aliyekosa kipindi cha asubuhi hatutamtetea kwa makala haya. Lakini anayecheza kwa Kiingereza miaka mitano, akijua jina la kila chombo isipokuwa kwa lugha anayoisomea shahada, anapoteza kitu kingine kabisa, na hicho tunaweza kumsaidia kukipata.

Tunawakaribisha wanafunzi wote wanaocheza mchezo huu walete ofisi ya idara orodha za vitu vya modi wanazozitumia, pamoja na majina ya Kiswahili wanayoyapendekeza. Tutayajadili kwa pamoja: lipi tayari lipo kamusini, lipi litoholewe, lipi liundwe upya. Tungependa orodha ya kwanza iwe tayari kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Walimu nao waje. Watakaotuonyesha mahali pa kubonyeza ni wanafunzi.